Programu Ikiharibika, Nani Anawajibika? Mvutano kati ya Waandishi wa Programu Huria na Wafungashaji Wao

Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo swali la kuhamia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaoweza kutumika badala ya Windows, limeacha kuwa la wataalamu peke yao. Mjini Tabora unalisikia kwenye maduka ya stationery, kwa mafundi wa kompyuta na kwa walimu wanaosimamia maabara zenye mashine za mtumba, kwa sababu laptop nyingi zilizoko mikononi mwa watu bado ni nzima ila hazitimizi masharti ya Windows 11. Pamoja na swali hilo yamekuja malalamiko ambayo wengi hawajui wayapeleke wapi. Mmoja anasema programu ya kuandikia barua aliyowekewa ni toleo la 7.4, ilhali kwenye tovuti ya wenyewe anaona 25.8, kwa hiyo fundi amempa kitu kilichopitwa na wakati. Mwingine anasema aliwaandikia waliotengeneza programu kuwaeleza hitilafu, akajibiwa kwamba toleo lake hawalihudumii na kwamba awaulize waliompa.

Maelezo yanayotolewa mtaani ni mawili: kwamba fundi ni mzembe, au kwamba cha bure hakikosi ubovu. Yote mawili hayagusi chanzo cha jambo lenyewe. Kati ya mtu anayeandika programu huria na mtu anayeitumia yupo mtu wa tatu ambaye watumiaji wengi hawajui kama yupo, na huyo wa tatu amekuwa na mvutano na waandishi wa programu kwa miaka mingi, mvutano ambao mara chache hutokana na ubaya wa mtu na mara nyingi hutokana na swali ambalo hakuna aliyelijibu tangu mwanzo, yaani nani anawajibika mbele ya mtumiaji.

Tuanze na maana za maneno. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi ambayo mtaalamu huyaandika ili kompyuta ijue la kufanya, umewekwa wazi kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza. Mwandishi ni mtu au kundi lililoandika programu hiyo na linaloendelea kuitunza. Distro ni mfumo kamili wa kompyuta uliokusanywa kutoka kwa waandishi wengi ili ufanye kazi kama kitu kimoja. Debian, Ubuntu, Fedora na Linux Mint ni distro. Mfungashaji ni mtu wa upande wa distro anayechukua msimbo wa mwandishi, akauandaa uweze kuwekwa kwenye mfumo wao bila kugombana na programu nyingine, na kuutoa kama kifurushi. Vifurushi vyote hukaa kwenye ghala la distro, na unapobonyeza kitufe cha kuweka programu kwenye Debian, kwa kawaida unachukua kutoka ghala linalosimamiwa na distro na si kwa mwandishi mwenyewe.

Mtu wa Tabora ataelewa uhusiano huu haraka akiutazama kupitia asali. Mfugaji nyuki wa Sikonge huvuna asali na kuiuza kwa madumu. Mfungashaji wa mjini huinunua, huichuja, huijaza kwenye chupa za nusu lita, hubandika lebo yenye jina la Sikonge na kuipeleka dukani. Mnunuzi hamjui mfugaji wala hana njia ya kufika porini, na pasipo mfungashaji asali hiyo isingemfikia. Lakini mfungashaji akiichemsha kupita kiasi ili isigande, au akiiacha stoo mpaka ibadilike rangi, mnunuzi atakayeionja atasema asali ya Sikonge ni mbaya, na jina linalochafuka ni la mtu ambaye hakuwepo wakati chupa zinajazwa. Mfungashaji naye ana la kusema: mfugaji hakuwahi kufikiria duka lina joto kiasi gani, wala mteja akiugua si yeye atakayefuatwa kaunta.

Leseni za programu huria zinaruhusu haya yote. Mfungashaji hahitaji kuomba ruhusa ili achukue msimbo, aurekebishe na autoe tena, na mwandishi aliyechagua leseni hiyo alijua hivyo. Leseni hizo hizo husema kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote. Zimeeleza vizuri nani ana haki ya kufanya nini, ila hazikusema nani atapokea malalamiko. Pengo hilo ndilo ambalo migogoro karibu yote ninayoieleza hapa imetokea ndani yake.

Ili kuona kwa nini mfungashaji hasogei upesi, inafaa kujua ukubwa wa kazi yake. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na toleo lake la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Vifurushi hivyo vinategemeana: kimoja kikibadilishwa, vingine kumi vinaweza kuacha kufanya kazi. Kwa sababu hiyo, miezi kadhaa kabla ya kutoa toleo jipya, Debian hugandisha ghala lake. Kuanzia hapo programu mpya haziingii, na kinachofanyika ni kurekebisha kasoro tu mpaka kila kitu kikae sawa. Toleo likishatoka huitwa imara, na neno hilo lina maana maalumu, kwamba programu zilizomo hazitabadilika tabia katika maisha yote ya toleo hilo. Mwalimu aliyeandaa somo lake la Januari kwa menyu fulani ataikuta menyu ile ile Novemba.

Sasa turudi kwa mtu wa 7.4 na 25.8. Programu anayoizungumzia ni LibreOffice. Mwanzoni mwa mwaka 2024 waandishi wake waliacha kuhesabu kwa mfululizo wa zamani wakaanza kuhesabu kwa mwaka na mwezi, hivyo baada ya 7.6 ikaja 24.2, yaani Februari 2024. Anayelinganisha 7 na 25 anadhani ameachwa nyuma kwa vizazi kumi na vinane, wakati toleo la 7.4 lilitoka Agosti 2022. Ni la miaka kadhaa nyuma, hilo ni kweli, lakini si la enzi nyingine.

La muhimu zaidi limejificha kwenye namba ndefu ambayo watu huipita bila kuisoma. Kwenye mashine yenye Debian 12, ukifungua dirisha la amri na kuandika apt policy libreoffice, utaona namba ya namna hii: 4:7.4.7-1+deb12u1. Tarakimu ya kwanza kabla ya nukta mbili ni ya mfungashaji, ya kupanga mfuatano wa matoleo ndani ya ghala lake. Inayofuata, 7.4.7, ni namba ya mwandishi. Kuanzia kwenye kistari, kila kitu ni cha mfungashaji tena: moja inaonyesha ni mara ya ngapi ameufungasha msimbo huo, na deb12u1 inaonyesha kwamba baada ya Debian 12 kutoka, kifurushi hicho kimesasishwa kwa mara ya kwanza, kwa kawaida kwa ajili ya kuziba mwanya wa usalama. Namba ya mwisho hupanda kila kinapofanyiwa marekebisho mengine, huku 7.4.7 ikibaki pale pale.

Hapa ndipo dhana moja iliyoenea sana inapoanguka. Namba ya zamani haimaanishi kwamba mianya ya usalama imeachwa wazi. Mwandishi anapogundua mwanya huuziba katika toleo lake jipya kabisa. Mfungashaji huchukua sehemu ile tu ya msimbo inayoziba mwanya huo, akaipandikiza kwenye toleo la zamani alilonalo, na nyongeza hiyo huitwa kiraka. Kwa LibreOffice 7.4 waandishi wenyewe waliacha kuihudumia katikati ya mwaka 2023, maana wana matoleo mapya ya kushughulikia, hivyo anayeziba mianya kwenye mashine ya Debian 12 kuanzia hapo ni mfungashaji. Kazi hiyo ni ngumu na haina sifa, kwa sababu ikifanyika vizuri hakuna mtumiaji anayeiona. Ninaiheshimu sana, na naona inastahili kutajwa kabla ya lawama zozote.

Lakini sikiliza upande wa pili. Kiraka huziba mwanya wa usalama; kasoro za kawaida, kama jedwali linalochapwa vibaya au kitufe kisichoitika, kwa sehemu kubwa huachwa zilivyo, kwa kuwa kuzigusa ni kuvunja ahadi ya kutobadilika. Mtumiaji anakutana na kasoro hiyo, anafungua ukurasa unaoeleza programu, anaona jina la mwandishi na anwani yake, anamwandikia. Mwandishi anasoma na kukuta ni jambo alilolirekebisha miaka miwili iliyopita. Anajibu. Kesho yake anakuja mwingine na jambo lile lile, na keshokutwa wengine, kwa miaka yote ambayo toleo lile imara litakuwa hai. Wengi wa waandishi hawa hufanya kazi hii usiku baada ya ajira zao za kawaida, bila malipo.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa XScreenSaver, programu inayofunga skrini na kuonyesha michoro pale kompyuta inapoachwa bila kutumika, iliyoandikwa na Jamie Zawinski. Alipochoka na barua kuhusu kasoro ambazo alikwisha kuziondoa, aliweka ndani ya programu onyo linalojitokeza kwenye skrini pale toleo linapokuwa la zamani, na kumshauri mtumiaji asasishe. Watumiaji wa Debian imara walianza kuliona onyo hilo, na mwaka 2016 suala likafikishwa kwa wafungashaji: je, waliondoe? Leseni iliwaruhusu. Zawinski hakukana kwamba sheria iko upande wao. Alichowaambia ni kwamba kama hawawezi kuwapa watu toleo jipya, basi waiondoe programu yake kabisa kwenye ghala lao. Debian inaendelea kuifungasha mpaka leo.

Nikiitazama kesi hiyo, naona kila upande ulikuwa unamtetea mtumiaji yule yule. Mwandishi hakutaka mtu atumie programu ya kufunga skrini iliyojaa kasoro zinazojulikana. Mfungashaji hakutaka mtu asiyejua lolote atokewe na onyo la kutisha linalomtuma akatafute programu nje ya ghala, mahali ambapo anaweza kudanganywa akapakua kitu kibaya.

Uzito huongezeka mfungashaji anapobadilisha msimbo wenyewe. Tukio ambalo kila mtu wa fani hii analikumbuka ni la OpenSSL, maktaba ya msimbo (msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huuazima) inayotengeneza funguo za siri zinazolinda mawasiliano kwenye intaneti. Mwaka 2006 mfungashaji wa Debian aliona chombo cha kukagua kasoro kikilalamika kuhusu mistari fulani ya msimbo huo. Aliwauliza waandishi kwenye orodha yao ya barua pepe, hakupata jibu la kumzuia, akaiondoa. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza namba za kubahatisha, zisizotabirika, ambazo kila ufunguo unapaswa kutengenezwa nazo. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya utambulisho ya mchakato ndani ya kompyuta, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili, kompyuta za Debian, Ubuntu na nyingine zilizojengwa juu ya Debian zilitengeneza funguo ambazo mtu angeweza kuziorodhesha zote na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Luciano Bello aliligundua hilo, na tangazo likatolewa Mei 2008. Duniani kote wasimamizi wa seva walilazimika kutengeneza funguo upya.

Waandishi wa programu hulitaja tukio hili kama ushahidi kwamba mfungashaji asiguse asichokijua. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, lazima tuseme pia kwamba mfungashaji aliuliza, na kwamba swali lake liliwafikia watu ambao hawakuona haja ya kuuliza zaidi kabla ya kumjibu, kwa kuwa kilichokuwa kinakwenda kubadilishwa hakikuwa kwenye ghala lao. Pande mbili zilizungumza bila yeyote kujiona ndiye mwenye dhamana ya mwisho.

Miaka ya karibuni kumekuwa na tukio dogo lenye sura ile ile. KeePassXC ni programu ya kutunza maneno ya siri. Mwaka 2024 mfungashaji wake katika Debian aliamua kwamba kifurushi chenye jina hilo kitoke kikiwa kimepunguzwa, bila uwezo wa kuungana na kivinjari wala mambo mengine ya mtandao, na aliyetaka programu kamili achukue kifurushi kingine chenye neno full mwishoni. Hoja yake ilikuwa ya usalama: milango ikiwa michache, mwizi ana pa kupitia pachache. Kwa waandishi, hata hivyo, ilimaanisha watu waliolala na programu inayofanya kazi wakaamka na iliyopungukiwa, wakawafuata wao kuwauliza wameiharibu kwa nini. Waandishi walilazimika kutangaza hadharani kwamba mabadiliko si yao na kuwaelekeza watu kwenye kifurushi kamili. Kwa maoni yangu mfungashaji angefanya vyema kuanza kinyume chake: kuliacha jina la zamani na programu waliyoizoea watu, na kukipa kile kilichopunguzwa jina jipya.

Suala la jina lina historia yake. Leseni ya programu huria hutoa uhuru juu ya msimbo, si lazima juu ya jina na nembo, ambavyo hulindwa na sheria ya alama za biashara. Mwaka 2006 Mozilla, waandishi wa kivinjari cha Firefox, iliiambia Debian kwamba ikitaka kutumia jina la Firefox, marekebisho yake yapitishwe na Mozilla kwanza na nembo rasmi itumike. Debian haikuweza kukubali masharti hayo bila kukiuka misimamo yake, ikabadilisha jina la kivinjari hicho katika ghala lake kuwa Iceweasel, na kikaitwa hivyo kwa miaka kumi mpaka walipoelewana mwaka 2016. Februari 2025 jambo kama hilo likaibuka kati ya Fedora na waandishi wa OBS Studio, programu inayotumiwa sana na wanaorusha video mubashara. Waandishi walisema kifurushi cha Fedora kina kasoro na watumiaji wanadhani ni chao, wakadai jina na nembo yao viondolewe la sivyo wangechukua hatua za kisheria. Yalizungumzwa, yakaisha bila kufika mahakamani.

Msomaji anaweza kufika hapa akauliza: kwa nini basi tusichukue kila programu moja kwa moja kwa mwandishi, tukaachana na mtu wa kati? Swali hili ni la haki na lina majibu mawili yenye uzito.

La kwanza ni maktaba za msimbo zinazotumiwa kwa pamoja. Programu nyingi hazijiandikii kila kitu. Huazima kazi kama kusimba mawasiliano au kubana mafaili kutoka maktaba moja iliyoko kwenye mfumo. Aprili 2014 ulipotangazwa mwanya mkubwa wa OpenSSL uliopewa jina la Heartbleed, distro zilitoa kifurushi kimoja kilichorekebishwa, na kila programu kwenye mashine iliyokuwa ikiazima kutoka hapo ikapona mara tu ilipowashwa upya. Programu zilizokuwa zimebeba nakala zao wenyewe zilibidi zisubiri kila mwandishi kwa wakati wake. Waandishi wengi wa leo wanapenda kubeba nakala zao, kwa sababu hapo wanajua hasa programu yao inaendeshwa na nini, na wakiletewa hitilafu wanaweza kuirudia mezani kwao. Wafungashaji hutenganisha nakala hizo na kuunganisha programu na maktaba ya mfumo, na mara nyingine kwa kufanya hivyo huleta hitilafu ambayo mwandishi hajawahi kuiona. Katika hili sioni upande ulio sahihi kila mara. Inategemea kama unachokiogopa zaidi ni mwanya usiozibwa au programu inayokwama.

La pili ni kwamba mwandishi naye anaweza kuwa chanzo cha hatari. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia mpaka akagundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyoko karibu kila distro. Mlango huo uliwekwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa amejijengea imani kwa muda mrefu mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo ya programu hiyo. Yaani sumu ilitoka kwenye chanzo chenyewe. Debian imara haikuguswa, kwa sababu ile ile inayolalamikiwa, ya kutopokea matoleo mapya. Walioguswa ni waliokuwa kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora pamoja na distro nyingine zinazochukua vipya mapema. Lakini wafungashaji nao hawakutoka safi kabisa. OpenSSH, programu inayotoa huduma hiyo ya SSH, kama ilivyoandikwa na waandishi wake haitumii xz hata kidogo. Ni kiraka cha baadhi ya distro, kilichoiunganisha na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, ndicho kilichoivuta maktaba ya xz hadi ndani yake na kumpa mshambuliaji njia.

Kwa hiyo anayesema la mwandishi ndilo salama daima anakosea, na anayesema la mfungashaji ndilo salama daima anakosea vile vile. Faida halisi iko katika jicho la pili, mradi jicho hilo linatazama kweli.

Katika kutafuta njia ya kupita, baadhi ya waandishi wamegeukia Flatpak na Snap, mifumo inayomwezesha mwandishi kutoa programu yake pamoja na karibu kila inachohitaji, ikafanya kazi kwenye distro nyingi bila kupitia mikono ya kila mfungashaji. Mwaka 2022 waandishi wa Bottles, programu ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, waliziomba distro ziache kuifungasha na kuwaelekeza watu kwenye Flatpak yao. Naelewa ombi lao. Ila sisi tunaotumia bando la simu kuunganisha laptop tunapaswa kulitazama kwa macho yetu wenyewe: programu ya kwanza ya Flatpak kwenye mashine huja na msingi wake unaoweza kufika mamia ya megabaiti, na misingi hiyo nayo husasishwa mara kwa mara. Kwa maabara ya shule ya Uyui au Urambo yenye kompyuta ishirini na modemu moja, ghala la distro ambalo nakala yake inaweza kuwekwa kwenye diski moja na kutumiwa na mashine zote linabaki kuwa njia nafuu. Hoja hii haisikiki sana katika mabishano yenyewe, kwa kuwa wanaobishana wengi wana intaneti isiyopimwa.

Upo pia mfano wa pande mbili kukutana katikati. Mozilla hutoa toleo la Firefox linalohudumiwa kwa muda mrefu, ambalo hupokea marekebisho ya usalama bila kubadilika sura kila mwezi, na hilo ndilo Debian inalolifungasha kwa jina la firefox-esr. Mwandishi amekubali kwamba wapo watu wanaohitaji utulivu; mfungashaji amekubali kufuata ratiba ya mwandishi badala ya kupandikiza viraka peke yake. Si kila mwandishi ana nguvu ya Mozilla, na mtu mmoja anayeandika usiku hawezi kuhudumia matoleo mawili kwa wakati mmoja. Kwake yeye kinachowezekana ni kidogo zaidi: mfungashaji aandike kwenye maelezo ya kifurushi, mahali panapoonekana, kwamba malalamiko yaanzie kwake, na aeleze alichokibadilisha kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaielewa. Naamini hilo ni deni la mfungashaji kabla ya mengine yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua kusimama kati.

Kwa mtumiaji wa Tabora ambaye leo ana hitilafu mbele yake, utaratibu ni huu. Atazame kwanza programu imetoka wapi. Kama ilitoka kwenye ghala la distro, amri ya apt policy ikifuatiwa na jina la kifurushi itamwonyesha namba yote, na apt changelog itamwonyesha mfungashaji amebadilisha nini na lini. Kisha aripoti kwa mfungashaji: Debian ina programu iitwayo reportbug kwa kazi hiyo, na Ubuntu ina amri ya ubuntu-bug. Kama ana bando la kutosha, ajaribu pia toleo la mwandishi mwenyewe kwenye mashine nyingine. Hitilafu ikiendelea huko, sasa ana haki ya kumwandikia mwandishi, na aitaje namba ya toleo alilolijaribu. Isipoendelea, aongeze taarifa hiyo kwenye ripoti aliyompelekea mfungashaji, maana itampunguzia siku za kutafuta. Na kama mashine ni ya ofisi au shule, namba ile ndefu inakiliwe ilivyo, pamoja na kila kinachofuata baada ya kistari, kwa kuwa bila sehemu hiyo hakuna upande utakaojua unazungumzia kitu gani.